Tulivyoipeleka Nakuru Injini Inayokunywa Maji

Mmeniuliza sana habari za mashindano ya sayansi ya Nakuru. Naona mnavyonitazama wakati wa chakula, na naona pia kwamba kila nikimeza tonge ili nianze, Nekesa huwa ameshafika mteremko wa Naivasha. Anasimulia vizuri, siwezi kukataa. Nami nacheka pamoja nanyi pale pa kuchekesha, halafu naenda kufua soksi ambazo ni safi. Kwa hivyo nimeandika. Mahali nilipoona wivu nimesema ni wivu, maana nikisema nilikuwa nimechoka mtajua naongopa.

Kwa wale ambao hamko kwenye kilabu cha sayansi, injini yenyewe ni ya mjomba wangu Athumani, mwenye kisiagi Mtongwe. Kichwa cha injini hiyo kiliwahi kupinda, fundi akakichonga, akakichonga kupita kiasi. Chumba cha moto kikawa kidogo, hewa na petroli vikawa vinabanwa mno, na tangu siku hiyo ikibebeshwa mahindi mengi inagonga. Ni mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya debe: petroli inalipuka yenyewe bila kungoja zamu yake. Mimi Jumamosi hukaa pale nikingoja unga wa Bibi. Basi nikagundua kwamba siku za mvua kubwa, upepo wa majimaji ukiingia mlangoni, ule mlio unapungua. Nilimwambia mjomba. Akanijibu, "Injini nayo yapenda baridi, kama wewe." Mwalimu Karisa wa fizikia nilimwandikia nyuma ya kazi ya ziada, kwa sababu kumwambia kwa mdomo sikuweza.

Hapo ndipo mradi ulipoanzia. Tulitaka kuinyeshea injini mvua yake yenyewe. Muuguzi jirani yetu alitupa mpira wa dripu ambao haujatumika, wenye kile kigurudumu cha kukaza na kulegeza, tukautia sindano, tukaielekeza sindano kwenye hewa inayoingia. Matone machache tu. Tukajifunza mapema kwamba maji ya kisima chetu hayafai, yana chumvi, yanaziba sindano. Tukatumia ya mvua, kutoka kwenye tangi la Bibi.

Nekesa aliunganishwa nami kwa kuwa mradi unataka wanafunzi wawili, na mmoja wao awe na sauti.

Mtongwe hadi feri

Ilikuwa likizo fupi ya katikati ya muhula, kila mmoja alitokea kwao. Injini ilitoka Mtongwe kwa mkokoteni, mimi nikitembea kando yake nimeshika mtungi wa maji ya mvua. Begani nilikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba kulikuwa na chupa ambayo sikutaka mtu aione.

Bibi alikuwa amekwenda kwa maalim wake, akaandikiwa kombe: aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji na marashi ya waridi, ikatiwa chupani. "Asubuhi ya kusema," akaniambia, "kabla hujatia kitu kinywani, unywe yote. Ulimi utafunguka, inshallah. Na usimwate mtu akaigusa, wasikia?"

"Abee, Bibi."

Nilitaka kufunguka ulimi kuliko nilivyotaka zawadi. Mwalimu Karisa alikuwa ameshasema: wa kufungua maelezo mbele ya majaji ni mmoja, mwingine atajibu maswali, na nani afungue ataamua njiani akishatusikia sote wawili. Niliitaka nafasi ile. Ile hadithi ya mvua ni yangu, nilitaka itoke kinywani mwangu.

Ferini mlinzi alifunua turubai, akauona mpira wa dripu umeviringwa juu ya chuma.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Ni injini," nikasema.

"Sisikii."

"Ni injini."

"Binti, nauliza mgonjwa, wewe wanong'ona!"

Mwenye mkokoteni akadakia, "Mgonjwa ndiye huyo wa chuma, bwana mkubwa. Ana kikohozi, twampeleka bara kubadili hewa."

Watu wakacheka mpaka mama mmoja akashika nguzo. Mlinzi akanusa tangi la petroli, akakuta mjomba amelikausha, akaturuhusu, lakini feri ilikuwa imeshaondoka na ikabidi tungoje nyingine. Nilikaa pale nikifikiri kwamba lau ni Nekesa, angemjibu mlinzi mwenyewe, na watu wangemcheka mlinzi.

Changamwe

Baba Nekesa alitupokea ng'ambo na pikapu yake, tukapitia kwao Changamwe kumchukua Nekesa. Mwalimu Karisa alikuwa ameshawasili kutoka Kisauni, yuko mezani anavunja kiazi kitamu cha pili.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia mamake Nekesa.

"Marahaba, mwanangu. Ingia ule. Wewe ndiye Mwanasiti? Nekesa ametuambia uko mpole."

Nilikuwa nimeshakula mahamri na mbaazi kwetu. Nikala tena, chai ya maziwa, viazi vitamu na maharagwe, kwa sababu kukataa kunahitaji maneno mengi. Wakati huo Baba Nekesa alikuwa anamweka sawa Nekesa kola ya shati, huku akimuuliza kama amebeba sweta, kama amebeba dawa ya kichwa, kama amemuaga mama. Babangu mimi yuko Doha. Tunaongea Ijumaa, mtandao ukiruhusu. Nilitazama vile vidole vyeusi vya grisi vinavyojitahidi visiguse kitambaa cheupe, nikaona wivu.

Baba Nekesa ni fundi wa malori. Alipouona mpira wa dripu alicheka kwa huzuni. "Maisha yangu yote nafukuza maji kwenye injini. Leo nawabeba watoto wanaoyakaribisha."

"Baba, ni matone tu," Nekesa akasema.

"Hata mafuriko huanza na tone, mama."

"Basi utakuja kuona yakikuaibisha mbele ya watu!"

Akacheka, akampiga kidogo begani. Mzee mwingine angeona ni utovu wa adabu. Yeye aliona fahari.

Maungu, Mtito, Emali

Karibu na Maungu mvuke ulipaa mbele ya kioo. Bomba la rejeta limepasuka. Tukashuka kwenye lile jua la Taru ambalo halina mzaha. Baba Nekesa alikata ukanda wa mpira wa tairi, akafunga bomba, akalivuta kwa meno. Kisha akaangaza macho akitafuta maji, na macho yakatua kwenye mtungi wangu.

"Hayo ni ya mradi," nikasema.

Hakunisikia. Pikapu ikanywa mvua yote ya Bibi, gulu gulu gulu, mpaka tone la mwisho.

Nekesa alikuwa amekwenda kibandani kutafuta maji, akarudi na soda. Mwenye kibanda alimwambia maji hapo huletwa na lori, na lori halijaja tangu juzi. "Soda ninayo, binti, maji sina." Mwalimu Karisa aliugeuza mtungi juu chini, akautikisa. "Haya. Nakuru kuna maji. Tutayachuja." Akanitazama. "Mbona hukusema, Mwanasiti?"

"Nilisema."

"Ulimwambia nani?"

Mtito Andei tulitia petroli kwenye kituo kisicho na jina, kwa sababu kile chenye jina kilikuwa na foleni. Kutoka hapo, kila mwinuko, nikaanza kusikia kokoto. Zilikuwa mbali kidogo, chini ya miguu yetu. Wenzangu walikuwa wanazungumza juu ya ndovu ambaye Mwalimu alidai amemuona. Kilima kilichofuata zikarudi, zaidi.

"Baba Nekesa," nikasema. "Inagonga."

Safari hii alisikia, maana nilikuwa nimeinama karibu na sikio lake. "Hizo ni valvu, mama. Hii injini naijua kabla hujazaliwa."

"Petroli ya pale si nzuri. Na kuna joto. Ukishusha gia moja, usiikandamize, itaacha."

Alishusha gia, nadhani ili anionyeshe kwamba sijui. Kokoto zikanyamaza. Akarudisha gia, zikarudi. Akashusha tena. Alifanya hivyo mpaka tulipokaribia Emali, kama mtoto aliyepata swichi ya taa.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "hayo ni masikio ya nani hayo?"

"Ya Mwana, baba," Nekesa akajibu. "Mjomba wake ana kisiagi."

"Mimi fundi nimepitwa na masikio! Mama, ukimaliza shule njoo karakana."

Aliniita mama, kama anavyomwita yeye. Nekesa aligeuza uso dirishani mpaka Sultan Hamud. Nilijua anachokiona huko nje, maana ni kile nilichokiona mimi Changamwe. Nilifurahi. Sitasema nilimhurumia.

Athi River

Tulilala kwa shangazi yake Nekesa, Athi River, mahali ambapo upepo unapita ndani ya sweta kana kwamba umelipia. Binamu zake walitaka nizungumze tu, chochote.

"Sema tena!"

"Niseme nini?"

"'Niseme nini!' Cheki! Huyu anaongea kama taarifa ya habari!"

Nekesa alikuwa ameshabadilika. Pwani anaongea kama sisi, pale alikuwa anaongea Sheng mpaka mikono inaongea, na kwa shangazi akaongea Kibukusu. Mimi nina lugha moja na hata hiyo siitumii.

Chakula kikaja: ugali na kuku mzima, mchuzi unang'aa. Nikasema nimeshiba. Shangazi akanisogezea sahani. Nikasema nimeshiba kabisa, ahsante. Tumbo likalia, kila mtu akasikia. Uso wa shangazi ukabadilika. "Ni nini, msichana, chakula chetu kibaya?"

Nekesa alikuwa anatafuna paja. Hakumaliza hata kumeza. "Anti, yeye ni Muislamu, anaogopa kuuliza nani alichinja."

"Ai!" shangazi akasema. "Si tulimwita Abdi wa duka? Tangu mchana! Kuku amekimbizwa ploti nzima, Abdi anatoka jasho, kumbe mgeni mwenyewe atakaa na njaa?"

Nikala. Nililia kidogo, nikasema ni pilipili, na hakukuwa na pilipili. Kilichoniuma ni kwamba jambo lililonishinda kwa saa nzima, yeye alilimaliza akiwa na mnofu mdomoni.

Baada ya kula binamu wakauliza, hiyo mashini inafanya nini? Na Nekesa akaanza:

"Siku moja nimekaa kwenye kisiagi Mtongwe, nangoja unga. Nje mvua, ile ya Likoni isiyojua kubisha hodi. Injini kila siku inalia kokoto, kokoto, kokoto. Mara upepo wa maji ukaingia mlangoni..." Akanyamaza. Akainua kidole. Binamu wote wakanyamaza naye, hata shangazi mwenye masufuria. "Kimya. Nikajiuliza: imesikia nini kwenye mvua?"

Nekesa hajawahi kufika Mtongwe.

Nilikuwa nimemsimulia mimi, maabara, tukikaza skrubu. Sikuwa nimesema lile la "imesikia nini kwenye mvua." Hilo ni lake, na lilikuwa zuri. Nafikiri hilo ndilo lililoniuma kuliko vyote, kwamba hadithi yangu ilikuwa imenenepa mikononi mwake.

Asubuhi tukipiga mswaki nje nikamwuliza. "Mbona ulisema wewe?"

Alitema povu. "Ukisema 'yeye' hadithi inapoa. Ukisema 'mimi' watu wanakuja karibu."

"Lakini ni mimi."

"Basi isimulie, Mwana! Nimekuzuia? Leo Mwalimu anatusikiliza. Isimulie, nikae kimya."

Kuteremka Bonde la Ufa

Mwalimu Karisa alitusikiliza kwenye mteremko, Bonde la Ufa limefunguka upande wa kushoto kama sahani kubwa iliyowekwa chini. Alinipa nafasi mimi kwanza. Nilikuwa nimejizoeza kichwani tangu Limuru.

"Siku moja," nikasema, "kulikuwa na mvua."

"Ndiyo."

"Na injini."

"Ndiyo, mwanangu. Iko wapi hiyo injini?"

Nilijua iko wapi. Nilijua gunia nililokalia, nilijua harufu ya mahindi yakisagwa yakiwa na unyevu. Yote yalikuwepo, yamejipanga mlangoni, na hakuna lililotaka kutangulia kutoka. Baba Nekesa alipunguza mwendo ili kelele za upepo zisinisumbue. Huruma yake ilinimaliza kabisa.

Kisha akasimulia Nekesa. "Nekesa atafungua," akasema. "Mwanasiti, wewe maswali. Ndiwe unayeijua injini." Alisema kwa upole sana, kama mtu anayekupa kisahani cha pili kwa kuwa cha kwanza kimekwisha.

Nilikuwa bado na chupa yangu. Nilijiambia kesho nikinywa, Mwalimu atanisikia na atabadili.

Nakuru, asubuhi

Mashindano yalikuwa kwenye uwanja wa shule moja kubwa, meza zimepangwa chini ya mahema. Niliamka mapema, nikaiweka chupa mkobani, nikauacha mkoba kwenye meza yetu, nikaenda kutawadha na kuswali. Nilitaka ninywe baada ya swala, mahali penye utulivu.

Niliporudi injini ilikuwa imeshawashwa, na hewa yote ya hema ilinuka waridi.

Nilidhani ni mwanamke amepita. Kisha nikaiona chupa yangu mezani, tupu, na maji ya rangi ya zafarani yakidondoka kwenye mpira wa dripu, tone, tone, tone, yakiingia kwenye koo la injini.

"Ulikuwa umeyaficha!" Nekesa alikuja juu kabla sijasema. "Mtungi mtupu, tunahangaika kutafuta maji safi, kumbe wewe una chupa nzima mkobani! Ulitaka tuaibike?"

"Ni kombe," nikasema.

"Ni nini?"

"Ni dua. Imeandikwa. Ni ya kunywa. Yangu."

Mkono wake ulikwenda mdomoni. "Nimemwaga dua yako?"

"Hujaimwaga. Umeichoma."

Wavulana wa meza ya jirani, kutoka Kisii, walikuwa wanavuta pua. "Hiyo injini yenu inaolewa leo?"

Aya zimepita kwenye moto, zimetokea kwenye ekzosi. Niliifunga dripu haraka. Sikujua ni dhambi ya nani. Mwalimu Karisa alikuna kichwa, akasema yeye ni Mkristo wa Kaloleni na hapo hana la kusema, akanipa simu nimpigie Bibi.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. "Wallahi, huyo mwenzio ana mikono mirefu!" Kisha, "Alijua?"

"Hakujua, Bibi."

"Asojua hana hesabu. Yalosalia yatie kwenye mti, mahali pasipopitwa na miguu. Na huo mtambo wapumua?"

"Wapumua."

"Haya. Nawe nenda kapumue."

Yaliyosalia kwenye dripu nilimwagia mche wa mwarobaini nyuma ya bafu. Mwalimu alipata maji ya betri kwenye kituo cha petroli, yale safi yasiyo na chumvi, ambayo ndiyo tuliyopaswa kuyanunua tangu mwanzo. Nekesa alinifuata kila nilipokwenda akisema pole. Kila pole yake ilitamkwa vizuri.

Mbele ya majaji

Majaji walikuwa watatu, na aliyetutisha ni mama mmoja mhandisi, mfupi, mwenye sweta ya kijani na kalamu nyuma ya sikio. Nekesa akafungua. Mvua ikanyesha Mtongwe, injini ikalia kokoto, kidole kikainuliwa. Watu wa meza nyingine walisogea. Alipofika "nikajiuliza imesikia nini kwenye mvua," yule mama aliitoa kalamu sikioni.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa niambie wewe uliyekaa pale. Maji hayo yanafanya nini ndani ya moto?"

Swali lilikuwa langu, hayo ndiyo tuliyopatana. Lakini alimtazama yeye, na Nekesa hawezi kutazamwa akanyamaza.

"Yanapasuka," akasema. "Yanakuwa haidrojeni na oksijeni, na ile haidrojeni inaungua, inaongeza nguvu."

Si kweli. Tulikwisha kulijadili hilo maabara na Mwalimu akalikata. Alisahau, au lilisikika tamu kuliko ukweli.

"Kwa hivyo nikizidisha maji nitaenda mbali zaidi?"

"Tukiendelea na utafiti..."

"Naweza kuacha petroli kabisa?"

Mvulana wa Kisii akacheka kwa pua. Nekesa alinitazama. Nilijua jibu lote, nami nikanyamaza. Nimesema nitakuwa mkweli: nilinyamaza kwa raha. Niliona jasho juu ya mdomo wake, nikaona neno likimtafuta na kumkosa, nikasema moyoni, karibu. Hivi ndivyo inavyokuwa.

Kisha mtu nyuma akasema, "Injini ya kuoga," na wengi wakacheka. Ile injini ni ya mjomba. Imetusagia unga tangu sijaota meno.

"Hapana," nikasema.

Yule mama akageuka. "Nani amesema?"

"Mimi. Maji hayaungui." Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Ukipika chapati na chuma kikashika moto kupita kiasi, unakirushia matone. Maji yanaruka yakiwa mvuke, yanaondoka na joto, chuma kinatulia. Humu ndani ni vivyo hivyo. Yanakunywa joto yakigeuka mvuke, hewa inapoa, na moto unatembea taratibu badala ya kulipuka ovyo. Si chakula cha injini. Ni ya kuituliza."

"Na nguvu inatoka wapi?"

"Haitoki kwenye maji. Injini ikiacha kugonga, unaweza kuiwahisha cheche kidogo, au kuibebesha zaidi, bila kuivunja. Hapo ndipo unapopata faida."

"Nionyeshe."

Hilo halikuhitaji maneno. Niliukaza ubao kwenye gurudumu la mkanda ili injini ipate mzigo, nikafunga dripu. Kokoto zikaja. Nikainua mkono ili wasikie. Nikalegeza kigurudumu, tone, tone, zikafifia, zikaisha. "Sasa nikizidisha itakohoa," nikasema, nikalegeza zaidi, ikakohoa, ikainama, ikataka kuzima. "Kwa sababu nimeuzima moto. Na ukiyaacha yaingie hivyo siku nyingi yanaosha oili, chuma kinashika kutu." Nikakaza. Ikainuka.

Hakuna aliyekuwa anacheka. Yule mama alikuwa ameinama, sikio karibu na silinda.

"Wewe," akaniuliza, "ulijifunza wapi kusikiliza hivi?"

Nilifungua kinywa, nikakuta hadithi yangu imeshatumika. Kisiagi, mvua, gunia, vyote vilikuwa vimewekwa mezani na Nekesa dakika chache nyuma, kwa neno "mimi." Nikisema ni yangu, mwenzangu ni mwongo mbele ya majaji na sote tunaondolewa. Nikinyamaza, ni yake milele. Nekesa alikuwa anatazama viatu.

"Nimezoea kelele za injini," nikasema.

Mama akaandika, akapita.

Jioni walitangaza. Mradi wetu ukawa wa tatu katika kundi lake. Kisha wakatangaza msemaji bora wa mashindano, na akaitwa Nekesa, na jaji mwanamume aliyemkabidhi cheti akaeleza umati mzima kwamba kitu kilichowagusa ni ile taswira ya msichana peke yake kwenye kisiagi, anaisikiliza mvua.

Nilipiga makofi. Baba Nekesa alinishika bega na kusema, "Vyeti vyote ni vyenu, mama." Hapana. Cha pamoja kilikuwa kile cha tatu.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na bomba lililopasuka wala ndovu. Nekesa alikalia cheti, akakitoa, akakiweka ndani ya bahasha, akakitoa tena. Karibu na Voi akasema, "Ningesema ni yako wangetuondoa."

"Najua."

"Na ungesema wewe pia wangetuondoa. Nilidhani utasema. Wallahi nilidhani."

"Usiape kwa Kiislamu."

"Sawa. Lakini nilidhani." Akasugua kioo kwa mkono. "Vile walikuzunguka, ulipofunga ile dripu. Mimi nikiongea watu wananiangalia mimi. Wewe walikuwa wanaangalia injini. Hakuna mtu alikumbuka kwamba niko hapo."

Lilikuwa jambo zuri, na nilitaka nilile peke yangu.

Ferini tulishusha injini, tukangoja mkokoteni wa mjomba. Baba yake alikwenda kununua viazi karai. Tulikaa juu ya turubai, kila mtu upande wake.

"Shuleni wataniuliza," akasema.

"Na mimi wataniuliza."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba kisiagi ni cha mjomba wangu. Na aliyekaa pale ni mimi."

Akafikiri. Hakukasirika, na nilitaka akasirike. "Wewe hutasema, Mwana. Nakujua. Labda uandike."

"Nitaandika."

"Yote? Na kombe?"

"Yote."

"Basi nipe nisome kwanza, kabla hujawapa wengine. Nikusaidie tu pale pa kuchekesha."

Juzi ameniuliza tena kama nimemaliza. Nimemwambia bado. Someni, mkimaliza mumpe.